Kifaru Aliyeelea

Alhamisi ile Mutie Wathome alitoka nyumbani mtaani Lucky Summer saa kumi na mbili na nusu asubuhi, amevaa koti la mvua na amebeba gunia kwapani. Ndani ya gunia mlikuwa na kifaru wa mpingo, urefu wake kama kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Mkewe Ndinda alimfungulia lango la ploti, akamkumbusha asisahau dawa ya kikohozi ya mtoto wao Wanza. Mutie alisema hatasahau. Angevuka mto kwa kidaraja cha mbao, apitie karakana ya wachongaji kule Baba Dogo amfunge kifaru vizuri kwa magazeti, kisha aende soko la Muthurwa kukutana na mteja saa nne.

Mteja alingoja Muthurwa hadi saa saba, akachoka, akaenda zake. Wanza alikohoa usiku kucha.

Ijumaa asubuhi watu wanaookota plastiki mtoni walimwona kifaru akielea, pembe juu, amenaswa kwenye takataka mita mia mbili chini ya kidaraja. Chini ya mguu wa kulia alikuwa na alama ya Mutie, mikato mitatu midogo iliyopangwa kama kucha. Saa tano mchongaji mwenzake, Muindi, aliitwa kituoni kumtambua. Aliandikisha taarifa fupi. Mutie hakufika karakanani Alhamisi. Kifaru huyu ndiye ambaye Mutie alikuwa akimchonga kwa wiki mbili. Yeye Muindi alimshika kwa mikono yake mwenyewe Jumanne jioni, tena akampa Mutie shauri kuhusu pembe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mto ulikuwa umejaa, na mbao za kile kidaraja kila mtu alijua zinateleza.

Basi ikawa hivyo. Mtu ameteleza, mto umemchukua, mzigo wake umebaki nyuma. Wapiga mbizi na vijana wa kujitolea wakaanza kutafuta kuelekea chini, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Maji yalipungua hadi magotini. Walipata godoro, milango miwili ya friji na mbuzi aliyekufa. Mutie hawakumpata.

Jumanne asubuhi mkuu wa kituo alimwambia Inspekta Truphena Awiti kwamba jalada lifungwe kesho yake jioni kama ajali. Truphena aliuliza mjane ataandikiwa nini. Mkuu akasema ataandikiwa kwamba mumewe hajaonekana. Wote wawili walijua maana yake. Bila mwili hakuna cheti cha kifo, na sheria humtaka mwenye kubaki angoje miaka saba kabla mahakama haijamhesabu aliyepotea kuwa amekufa. Kwa miaka saba Ndinda angekuwa mke wa mtu asiye hai wala maiti, bila kaburi la kwenda kulipalilia.

Truphena alimchukua kifaru kwenye mfuko wa vielelezo, akamchukua na Konstebo Odero, wakaenda Lucky Summer.

*

Ndinda alikuwa amekaa kwenye kochi pamoja na dada zake wawili waliofika kutoka Ukambani kwa ajili ya matanga ambayo hayakuwa na maiti. Aliwaandalia wageni chai. Truphena alimweleza kwamba anataka amtazame kifaru kabla hajarudishwa ghalani, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha tangu Ijumaa.

Ndinda alinyoosha mkono mmoja. Alimpokea, akamshika hivyo kwa muda, halafu akamweka mezani kando ya vikombe.

"Huyu si wa Baba Wanza," alisema.

"Ana alama yake, Mama Wanza. Tazama mguuni."

"Alama nimeiona. Afande, wa Baba Wanza nilimpiga msasa Jumatano kutoka saa nane mpaka magharibi, amekaa hapa mapajani. Miguu ilikufa ganzi. Huyu ningemlea kama mtoto wa paka."

Mmoja wa dada zake alicheka kidogo, kisha akajishika mdomo.

Odero alisema pengine maji yamembadilisha. Ndinda alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekalia kiti kibovu. Alieleza kwamba mbao ikikaa majini huongezeka uzito, haipungui. Tena mpingo hauelei. Akina Mutie wana pipa la maji mlangoni mwa karakana, na kila gogo linaloletwa na muuzaji hutumbukizwa humo kabla halijanunuliwa. Likizama, linaingia ndani. Likielea, muuzaji anaondoka nalo, hata kama ni binamu wa mtu na ametoka mbali. Desturi hiyo waliikuta kwa wazee wao na hawajawahi kuiacha.

Truphena aliuliza swali ambalo lazima liulizwe: je, Mutie mwenyewe hakuwahi kupaka mbao nyeupe rangi nyeusi, akauza kama mpingo? Wako wanaofanya hivyo. Mjakaranda na rangi ya viatu.

Ndinda hakukasirika. Aliinuka, akavuta karai kutoka chini ya kitanda, akatoa vipande vitatu vya msasa alivyotumia Jumatano. Vumbi lililokuwa limeganda juu yake lilikuwa jeusi lenye kuelekea zambarau, na lilikuwa limeingia hadi kwenye nyuzi za karatasi. Truphena alichukua kipande kisafi, akasugua tumbo la kifaru wa mezani mara nne. Vumbi la kwanza lilitoka jeusi. La pili lilitoka kijivu. La nne lilikuwa la rangi ya unga wa mtama.

"Alitoka na vifaru wangapi Alhamisi?" Truphena aliuliza.

"Mmoja. Wa kwangu."

Aliongeza jambo moja akiwa anawasindikiza langoni. Ijumaa kikundi cha wachongaji kilikuwa na mkutano. Mutie alikuwa amemwambia kwamba ana kitu cha kuwaonyesha wenzake, kazi fulani iliyopatikana sokoni ikiwa na alama yake na yeye hakuichonga. Mwenye kufanya hivyo hutolewa karakanani, na akishatolewa hakuna karakana nyingine itakayompa kiti. Hakumtaja mtu. Alisema atamtaja Ijumaa, mbele ya wote. Ndinda hakuwa amelisema hilo kituoni kwa sababu hakuna aliyemuuliza; walimuuliza tu kama mumewe alikuwa akinywa pombe.

Truphena aliazima kwake kinyago kidogo kilichokuwa juu ya televisheni, kobe wa mpingo ambaye Mutie alimchonga mwaka walipooana. Kilikuwa kimekauka ndani ya nyumba miaka kumi na tisa.

*

Duka la Habon lilikuwa kwenye kona karibu na nyumbani kwa Ndinda, na lilikuwa na mizani nzuri ya kielektroniki. Habon alikuwa nyuma ya kaunta akipima mayai. Alikuwa na bakuli la maji, na yai moja moja alilitia humo. Lililolala chini alilirudisha kwenye trei. Moja lilisimama wima, akaliweka kando. Jingine lilipanda juu likaelea, akalitupa kwenye ndoo bila kulivunja.

"Kwa nini hilo linaelea?" Odero aliuliza.

"Limeoza, walahi. Ndani yote ni hewa."

"Lakini yai ni lile lile. Halijakua."

"Ganda ni lile lile. Maji ya ndani yametoka kidogo kidogo. Wewe mpelelezi gani hujui kununua mayai?"

Truphena aliomba sufuria kubwa, karai na mizani. Aliweka sufuria ndani ya karai, akaijaza maji hadi ukingoni, tone moja zaidi lingemwagika. Alimpima kifaru kwanza: gramu elfu moja mia moja hamsini. Kisha akamtumbukiza. Alielea, sehemu kubwa ya mgongo ikiwa nje. Akamkandamiza kwa vidole viwili mpaka pembe ikafunikwa, na maji yakamwagika kwenye karai. Odero aliyapima maji hayo yaliyomwagika: gramu elfu mbili kasoro kidogo.

Wakarudia na kobe. Kobe alikuwa na gramu mia sita. Hakuhitaji kidole, alienda chini moja kwa moja na kugonga sufuria. Maji aliyoyamwaga yalikuwa gramu mia tano tu, au pungufu.

Odero aliandika namba hizo, akazitazama, akasema bado haelewi. Kifaru ni mzito mara mbili ya kobe. Mzito ameelea, mwepesi amezama.

"Usitazame uzito peke yake," Truphena alisema. "Kitu kikiingia majini lazima kifukuze maji kipate nafasi. Maji yaliyofukuzwa yanataka kurudi, kwa hiyo yanakisukuma juu kwa nguvu sawa na uzito wa maji hayo. Kobe ana mia sita, maji yanamsukuma kwa mia tano. Ameshindwa. Kifaru ana elfu moja na kitu, maji yanamsukuma kwa karibu elfu mbili. Hawezi kuzama hata akitaka."

"Na hili karai ni la bati," alisema Habon, ambaye hakuwa ameulizwa. "Mvua ikijaa hapa nje linaelea kama bata. Msumari unazama."

"Karai ni pana, linafukuza maji mengi. Msumari haufukuzi kitu."

Odero aliandika. Halafu akasema kile kilichokuwa kikimsumbua tangu asubuhi. Ikiwa kifaru wa Mutie ni wa kuzama, na huyu ni wa kuelea, basi aliyemtupa huyu alikosea.

"Hapana," Truphena alisema. "Wewe ungetupa yupi?"

"Yule wa Mutie. Ningemnyang'anya nimtupe mtoni muokote."

"Angezama kwenye matope. Tusingeokota kitu, na hakuna ambaye angetafuta mtoni. Wewe hujui mbao. Aliyetupa huyu anajua. Alijua yule halisi hataonekana, akachonga mwingine wa kuonekana." Alimfuta kifaru kwa kitambaa. "Kazi kama hii ni ya siku ngapi?"

Odero alifikiri. Taarifa ya Muindi ilisema Mutie alimchonga wake kwa wiki mbili, lakini mbao laini huchongeka haraka zaidi. Akasema siku nne, pengine tano.

"Basi ilianza kabla ya Alhamisi," Truphena alisema.

Aliendelea kusimama akilitazama lile yai ndani ya ndoo. Alimuuliza Habon kama yai bovu linaweza kukaa chini siku zote. Habon alisema haliwezi, labda ulifunge jiwe.

Truphena alirudia neno hilo kwa Odero wakiwa njiani kuelekea Baba Dogo. Mtu akifa majini huzama. Baada ya siku mbili tatu tumbo hujaa hewa. Uzito wake ni ule ule, lakini mwili umevimba na unafukuza maji zaidi, basi hupanda mwenyewe. Leo ilikuwa siku ya sita, na jua lilikuwa limewaka tangu Jumamosi. Mto ulikuwa wa kufika magotini. Kama Mutie angekuwa humo, hata mwenda kwa miguu angekuwa ameshamwona. Kwa hiyo hayumo. Na kama yumo kwenye maji mengine yoyote, kuna kitu kinamshikilia chini.

*

Karakana ilikuwa banda refu la mabati lenye viti vinne vya wachongaji. Wawili walikuwa wamekwenda kula. Muindi alikuwa peke yake, akichonga sikio la twiga kwa tezo, kishoka kidogo cha kuchongea. Pipa la maji lilikuwa mlangoni, kama Ndinda alivyosema. Muindi aliinuka, akawapa mkono, akasema anaomba Mungu kila siku kwa ajili ya shemeji yake Ndinda, na kwamba wachongaji wamekubaliana kumchongea Mutie msalaba. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, mwenye ufunguo wa stoo shingoni kwa kamba ya kiatu. Yeye ndiye aliyekuwa akifungua banda kila asubuhi, saa moja kabla ya wengine.

Truphena alimwomba arudie taarifa yake ya Ijumaa. Muindi aliirudia karibu neno kwa neno. Odero aliisoma ile ya kwanza, ikalingana.

"Jumanne jioni ulimshika kwa mikono yako," Truphena alisema.

"Kwa mikono hii, Afande."

"Mpingo."

"Mpingo safi. Mutie hakugusa kitu kingine."

Truphena alimpa kifaru. Muindi alimpokea kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyopokea kitu kizito, na mikono ikapanda juu kuliko alivyokusudia. Odero aliliona hilo na akaliandika baadaye.

"Mtie kwenye pipa," Truphena alisema.

Muindi hakusogea. Alisema mpingo ukikauka sana unaweza kuelea, hasa ule wa bonde la huku, si kama wa pwani. Alisema hata wazee walikuwa wakibishana kuhusu jambo hilo. Truphena alimtoa kobe mfukoni, akamwambia umri wake na kwamba amekaa juu ya televisheni, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Akamwachia juu ya pipa. Kobe alienda chini, wakamsikia akigusa. Kisha akamchukua kifaru kutoka mikononi mwa Muindi, akamwachia na yeye. Kifaru alizunguka mara moja, akatulia na pembe yake juu, kama alivyookotwa.

Muindi alisema lazima basi Mutie mwenyewe alikuwa na vifaru wawili, na kwamba hapendi kumsema vibaya mtu asiyekuwepo.

"Umeandika kwamba huyu ndiye uliyemshika," Truphena alisema. "Hapa mnakataa gogo la binamu kwa sababu ya pipa hili. Umechonga miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na ukadanganywa na mjakaranda."

Muindi aliketi kwenye kiti chake. Aliichukua tezo tena, akaiweka chini.

Truphena hakumsukuma. Alizunguka banda taratibu akitazama sakafu. Wachongaji hawanunui tezo. Hufua zao wenyewe kutoka kwa vipande vya springi za magari, na kwa kazi hiyo wanahitaji fuawe, chuma kizito cha kugongea. Katikati ya banda kulikuwa na kisiki kifupi cha kufulia. Juu yake palikuwa na alama ndefu iliyong'aa, urefu wa futi mbili, misumari minne iliyopinda pembeni, na hakuna chuma juu yake.

Aliuliza hapo hukaa nini. Aliyejibu alikuwa Opiyo, mwenye mkokoteni, ambaye alikuwa ameegesha nje ya banda na alikuwa akisikiliza kwa dakika kumi bila kujificha.

"Hapo kulikuwa na reli, madam. Kipande cha reli ya treni. Mimi ndiye niliwaletea, karibu kinivunje mgongo."

"Kilitoka lini?"

"Hiyo sijui. Wiki iliyopita kilikuwepo."

Truphena alimwuliza kama kuna mtu aliyeazima mkokoteni wake wiki iliyopita. Opiyo alimtazama Muindi, kisha akatazama chini. Alisema Alhamisi jioni, watu wakifunga kazi, Muindi aliuchukua. Alisema ana magogo ya kupeleka kwa fundi mmoja upande wa machimbo, na akakataa kusaidiwa kusukuma. Magogo yalitoka stoo yakiwa yamefunikwa turubai. Ijumaa asubuhi aliurudisha.

"Tena ameuosha," Opiyo alisema. "Madam, hiyo mkoko haijaoshwa tangu niinunue. Nikamwambia, niaje Muindi, umeokoka?"

Odero karibu acheke. Hakucheka.

Machimbo ya mawe aliyoyataja yalikuwa yameachwa zamani, na mvua za miaka mingi zilikuwa zimeyajaza. Kila mtu wa pande hizo alikuwa akiwakataza watoto kwenda huko. Maji yalikuwa yametulia, ya kijani, na aliyewahi kupima kina chake alisema kamba ya futi arobaini haikugusa chini.

Truphena alirudi kwa Muindi, akachutama mbele yake ili macho yao yalingane.

"Mutie yuko na reli?"

Muindi alitazama pipa. Kifaru alikuwa bado anaelea, amesogea hadi ukingoni.

"Angenitaja Ijumaa," alisema. "Mbele ya watu wote. Nilimwambia tuyamalize sisi wawili. Akasema pipa ni la wote."

Walimsomea haki zake, wakamtoa nje akipita kando ya wenzake wawili waliokuwa wakirudi kutoka kula, mmoja akiwa bado ameshika chapati.

*

Saa kumi na moja Truphena alimpigia Ndinda simu. Alimweleza kilichopatikana kwa mpangilio, bila kupunguza wala kuongeza: vumbi la msasa, pipa, reli, mkokoteni. Ndinda alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza reli hiyo ina uzito gani. Truphena akasema yapata kilo thelathini. Ndinda akauliza kama inatosha kumweka mtu mahali pamoja, asisogee.

"Inatosha," Truphena alisema.

Utafutaji wa mtoni umesimamishwa. Jalada halikufungwa. Kesho saa mbili asubuhi wapiga mbizi wanaingia machimboni, upande inakoishia njia ya mkokoteni. Ndinda ameambiwa aje na ndugu mmoja wa mumewe, na avae viatu vya matope.